Moto wa Miguuni

Kama unasoma haya huku miguu yako imo ndani ya beseni la maji, itoe kwanza. Ikaushe kwa kitambaa laini, usiisugue, iweke juu ya mto, na umwombe mtu akupepee. Najua hutaki. Najua hayo maji ndiyo raha pekee uliyobakiwa nayo. Lakini mimi niliiloweka yangu mpaka ngozi ikabambuka na vidonda vikaingia, nusura niikose, ndiyo maana nimeanza na hilo kabla hata ya salamu. Haya, asalaam aleikum. Naitwa Mwanahawa, wa Kiegeani hapa Mafia, fundi cherehani zamani, sasa mgonjwa mwenye nafuu. Sikusema nimepona. Nimesema nafuu, na nimechoka, kwa hiyo ukiniona nasema kwa mkato usinichukie.

Ugonjwa wenyewe ni huu: miguu inawaka. Si ganzi, wala si ile ya kuchomachoma ya wenye sukari, ingawa hiyo sukari nimepimwa mpaka vidole vimeota sugu. Moto unaanzia vidoleni, unapanda mpaka kwenye kifundo, mguu unavimba na kuiva, na hata kwa weusi wangu huu wekundu unaonekana. Ukisogeza mkono unahisi joto kabla hujagusa. Kinachouamsha ni vitu ambavyo watu hawavihesabu: kutembea mpaka dukani, viatu vya kufunika, shuka, kusimama jikoni kungoja wali ukauke. Msimu wa kaskazi, jua linapokaa kichwani kutwa nzima, sikuwa mtu wa kuhesabiwa miongoni mwa watu.

Kwa ajili yangu peke yangu nisingejisumbua kuandika. Nina binti mmoja, Zuhura, na katika miaka yote ya ugonjwa nilikuwa na hofu moja tu: mtoto huyu asije akapita nilipopita mimi, akaumwa mbele ya watu na asiaminiwe.

Kuaminiwa ndilo lililokuwa gumu, kuliko hata maumivu. Mguu wa kuvunjika unaonekana. Wangu, moto ukishuka, unarudi kuwa mguu kama miguu mingine, na aliyekuja kukutazama anakukuta umekaa barazani miguu juu, mzima, unapepewa kama bibi harusi. Anaondoka anasema Hawa anadeka.

Wa kwanza kusema hivyo alikuwa dada yangu, Mwanaidi. Mama alifariki nikiwa mdogo, dada ndiye aliyenilea, akanifunza kushona, akaniozesha. Sina mtu ninayempenda kama yeye, na sina mtu aliyenichosha kama yeye. Dada yangu ni mwanamke wa kuepua chungu motoni kwa mikono mitupu. Aliwahi kuvunjika kidole cha mguu kwa mchi wa kinu, akaendelea kutwanga, akaja kugundua kesho yake kiatu kilipokataa kuingia. Na kwetu hapa mwanamke akipiga kelele kwenye uchungu wa uzazi, kelele zile zinamfuata mpaka arusi ya mjukuu wake. Dada kazaa watoto watano na mkunga hakumsikia hata "yalaa". Alisifiwa kijiji kizima. Mimi nilipomzaa Zuhura nililia mpaka waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Basi hapo tena, jina nikalipata.

"Jikaze, mdogo wangu," ndiyo ilikuwa dawa yake. "Maumivu ukiyasikiliza yanakuona rafiki."

"Dada, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Kunguni gani? Kitanda chako kina mito minne!"

Baada ya kuzaa ndipo moto ulipohamia moja kwa moja. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na dera moja lilikuwa linanigharimu alasiri nzima ya kulia. Nikawa nafunga vitambaa vilivyolowa kwenye nyayo, nashona pindo, nakwenda uani kumwagia maji, narudi. Wateja wakaanza kukuta nguo zao zina alama za maji, wakaanza kupeleka vitambaa kwa fundi wa Kilindoni. Mwisho nikaifunika mashine kwa kanga. Nililia siku hiyo, na sikulilia miguu.

Sasa nikawa mtu wa beseni. Asubuhi beseni, mchana beseni. Maji ya beseni yakipata joto nakwenda kukaa ufukweni, nafukia miguu kwenye tope la mikokoni, maana lile tope la chini ni baridi kweli. Watu wakaniona. Mwanamke mzima, kila siku anakwenda majini peke yake, akirudi macho mekundu. Hapo ndipo jamaa zangu walipopata jibu lao: huyu anaitwa. Ana jini wa bahari, na jini anataka kwao.

Usiwacheke. Ungekuwa wewe, na zahanati imeshasema haina la kufanya zaidi ya vidonge vya maumivu, ungesemaje? Dada alinililia kwa mapenzi kabisa akinibembeleza nikubali. Nikakubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukataa.

Mganga akaamuru nyungu. Ikaja alasiri moja ya kaskazi, chumba kikafungwa madirisha, nikakalishwa kwenye kigoda, chungu kinachotokota majani kikawekwa katikati ya miguu yangu, nikafunikwa blanketi. Nje ngoma inapigwa. Wewe mwenye miguu kama yangu umeshaelewa, sina haja ya kuendelea. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata leba. Na kila nikipiga, ngoma inazidi, na wanawake wanapiga vigelegele, kwa kuwa kwao ile haikuwa sauti yangu, ilikuwa ya jini anayetoka. Nikasema kwa Kiswahili safi, "Mimi Hawa, jamani, nitoeni, naungua," na mganga akajibu, "Mwongo huyu, anatumia jina la mwenye mwili." Nikazimia. Wakasema katoka.

Hakutoka mtu. Nilichopata ni malengelenge juu ya ngozi iliyokuwa imeshalainika kwa maji, na malengelenge yakageuka vidonda.

Mwanzo wa masika yaliyofuata niliumaliza kwenye benchi la chumba cha kusafishia vidonda, hospitali ya Kilindoni. Kama unakwenda huko, nenda na kanga yako ya kukalia, benchi lina misumari. Unazoea harufu ya spiriti. Unajifunza sauti za watu: yule wa pikipiki hulia kabla hajaguswa, yule bibi wa kidonda cha mguu husoma Yasini taratibu na kusimama pale panapouma. Mume wangu Haji ni mpishi katika hoteli moja ya watalii kule Utende, hivyo alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi usiku, na mara nyingine alirudi na barafu kwenye mfuko wa nailoni, imeshayeyuka nusu, amependelewa na wenzake wa jikoni. Alikuwa analala mkekani ili shuka lisiniguse. Siku moja alikaa kitako mlangoni akaniambia, "Hawa, na mimi nachoka, lakini sina pa kusemea." Nilisogea tu akakaa karibu yangu.

Hapo kwenye vidonda ndipo nilipokutana na Sista Anjela, mtu wa Songea, mnene, mcheshi, ana mikono ya baridi, Mungu ambariki. Wauguzi wote walikuwa wananigombeza: acha kuloweka miguu, mama, acha maji. Yeye peke yake aliuliza, "Kwani mama, unailoweka kwa nini?"

Nilimwangalia. Nikamweleza. Akageuza kiganja akauweka mgongo wa mkono juu ya unyayo wangu, akautuliza hapo, akahamisha mpaka kwenye paja, akarudisha kwenye unyayo.

"Hee! Mama, hii miguu ina homa yake peke yake," akasema. "Hapa hakuna kudeka. Nenda Dar, kwa madaktari wa mishipa ya fahamu."

Jamani, sikuwa nimepewa hata kidonge, lakini nilishuka ngazi za pale nikijiona mwepesi. Mtu kanishika akakuta ninachokisema.

Safari ya boti mpaka Nyamisati na basi mpaka mjini sitaisimulia, ila ujue nilisafiri na ndoo ya maji katikati ya miguu, na abiria wa jirani alinigeuzia mgongo njia nzima akidhani nitatapika. Kwenye ukumbi wa kungojea kulikuwa na feni moja inayofanya kazi, upande wa mbali, na sote tulikuwa tunaisogelea kidogokidogo bila kutazamana. Nilivua ndala nikaweka nyayo kwenye marumaru. Mama mmoja wa Kilwa, mwenye maradhi yake ya uso hata kutafuna hawezi, alinipa kipepeo chake cha ukili bila kuuliza kitu. Tulikaa hivyo mpaka adhuhuri, yeye kashika shavu, mimi nampepea yeye na kujipepea mimi.

Daktari alikuwa kijana, ana sauti ya chini. Aliuliza mengi, kisha akasema, "Kwenu kuna mwingine mwenye miguu kama hii?"

Nikasema hakuna. Halafu nikamkumbuka baba. Marehemu baba yangu hakuwahi kuvaa viatu. Alikwenda msikitini peku, shamba peku, hata arusi yangu alikuja na kanzu ya kupigwa pasi na miguu mitupu. Watu walimtania kuwa ni bahili wa viatu, naye anacheka. Na kila mchana alilala sakafuni, miguu kaibandika ukutani. Yarabi! Nilimwambia daktari, nikaanza kulia pale pale, kwa sababu baba aliishi na jambo hili mpaka akazikwa nalo, na sisi tulikuwa tunacheka.

"Basi umerithi," daktari akasema. "Kila mtu, mama, kwenye mishipa yake ya fahamu ana milango midogo sana inayopitisha habari ya maumivu. Yako umezaliwa nayo inafunguka kwa jambo dogo na inachelewa kufunga. Moto unaousikia ni wa kweli. Hujaubuni."

Nilimwomba arudie hayo maneno ya mwisho, akarudia.

Dawa za kwanza zilinilaza. Masika yalimalizika nikiwa nasinzia, mdomo umekauka, nikiulizwa jambo leo najibu kesho. Nikanenepa mpaka pete ikakatwa. Dawa za pili zilikuwa ni zile zile wanazopewa wenye kifafa, na jirani aliyeona pakiti akatangaza kisimani kwamba Hawa ana kifafa, kwa hiyo nikawa na jini na kifafa kwa pamoja. Potelea mbali. Zile za pili zilinikubali. Kipupwe kilipoingia, na ule ubaridi wa asubuhi, nilitembea mpaka dukani na kurudi, nikakaa, nikangoja moto uje, ukaja kidogo, ukaondoka. Vidonda vikafunga. Nikaanza kufikiria kuifunua mashine.

Ndipo maalim wa madrasa alipokuja nyumbani, mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, akakaa ukingoni mwa baraza.

"Nimekuja kukupa pongezi, mama Zuhura," akasema. "Mtoto wako, mashaallah. Watoto wengine nawafukuza na bakora wakatawadhe. Huyu anatawadha mwenyewe, tena kila mara. Darasa halijafika katikati anaomba ruhusa, anakwenda kwenye birika la kutawadhia msikitini. Nimewaambia wenzake: tazameni mwenzenu, hataki kukaa bila udhu."

Nilishika nguzo ya baraza. Maalim anatabasamu, anangoja niseme alhamdulillahi. Nilijua. Kabla hajamaliza kusema nilishajua. Mtoto wangu hakuwa anafuata udhu, alikuwa anafuata maji ya miguu.

Zuhura aliporudi nilimwita, nikamwambia akae, nikamshika unyayo. Ulikuwa moto kama sufuria. Hakushtuka, hakuuvuta. Alinitazama tu, meno yamebana pindo la ushungi.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Haiumi sana, mama."

"Sikukuuliza hilo. Tangu lini?"

"Tangu kaskazi." Halafu akasema haraka, "Usimwambie mamkubwa. Watanipiga nyungu."

Kumbe alikuwepo uani siku ile, na alisikia yote. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa miguu yangu yote miwili. Mtoto wa darasa la tano ameugua miezi, na akili yake yote ameitumia kutafuta pa kujificha, akapata pa heshima kabisa, kwenye birika la msikiti.

Dada alijua tu, Kiegeani hakuna siri. Akaja na ubani kabisa.

"Nilisema mimi! Hakutoka yule, amehamia kwa mtoto. Tusingoje, Hawa."

"Zuhura hapigwi nyungu."

"Unataka aje kuwa kama wewe?"

"Ameshakuwa kama mimi, dada! Na kama baba! Daktari ameniambia ni damu."

"Daktari alimwona baba wapi? Baba alikuwa mwanamume, hakuwahi kulalamika hata siku moja."

"Ndilo tatizo lenyewe!"

Nilipandisha sauti kwa dada yangu aliyenibeba mgongoni. Aliondoka bila kuchukua ubani wake. Hatukusemezana mpaka siku ya safari ya Dar, nilipomkuta gatini Kilindoni, kavaa buibui lake jipya, mkoba mkononi.

"Nakwenda kuwaona hao madaktari wako," akasema, akitazama pembeni. "Na mtoto nitambeba mimi. Wewe huwezi." Ni kweli, nisingeweza. Alimbeba Zuhura, jitoto refu lile, kutoka gatini mpaka ndani ya boti, na Nyamisati akambeba tena.

Kule hospitali dada alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Daktari alipokuwa ananieleza tena ile habari ya milango, akamkatiza.

"Daktari, na wapo ambao milango yao haifunguki?"

"Wapo, mama. Wachache sana hawasikii maumivu kabisa, tangu kuzaliwa. Na sisi wengine tuko katikati, huyu anasikia zaidi, yule kidogo. Kama watu wanavyotofautiana urefu."

Dada akaangalia viganja vyake. Vina makovu ya vyungu tangu ujana, nimevijua maisha yangu yote.

"Mimi nimezaa watano," akasema taratibu, "wakanisifu kwamba najikaza. Nami nikaamini. Nikawa namwambia huyu ajikaze kama mimi." Akanionyesha kwa kidevu, hakunitazama. "Wallahi, daktari, sikuwa nakaza kitu. Yalikuwa hayaumi kiasi hicho. Nimesifiwa bure."

Mimi nilitaka kumshika mkono nikashindwa, maana hasira zangu za miaka zilikuwa bado zimo ndani na huruma imeingia juu yake, sikujua nianze na ipi.

Daktari akamgeukia Zuhura. Pale kitandani mtoto alikuwa ananing'iniza miguu, imeiva kwa safari na joto la mjini, vidole vimevimba. Akamwambia, "Zuhura, nataka uniambie inauma kiasi gani. Sifuri haiumi kabisa. Kumi ni maumivu ambayo huyawezi."

Zuhura akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mamkubwa wake, akamwangalia zaidi, meno yamebana pindo la ushungi.

"Mbili," akasema.

Dada akainuka kwenye kiti. Akaenda akapiga magoti kwenye sakafu ile na buibui lake jipya, akaishika miguu ya mtoto kwa viganja vyake vyote viwili, na nikaona uso wake unabadilika lilipomfikia lile joto.

"Mwanangu," akasema. "Hapa hakuna nyungu. Hakuna ngoma. Mimi mamkubwa wako ndiye ninayekuuliza, na utakachosema nitakiamini. Ngapi?"

Zuhura akaliachia pindo.

"Kumi," akasema, na hapo hapo akapasuka kulia, kilio kikubwa cha mdomo wazi, wakamsikia mpaka kule ukumbini. Muuguzi akachungulia mlangoni. Dada akamwonyesha kwa mkono asiingie, na tukamwacha mtoto alie.